Gari Hupimwa Likiwa Limeshiba

"Mwanamuke wa mimba ya myezi kenda, ananyanyuaka muguu mpaka wapi?"

Swali hilo lilitoka chini ya gari, kwa mtu aliyelala chali juu ya gunia. Nilichokiona kwake ni soksi mbili tu, moja ya kijivu na nyingine ya bluu. Ilikuwa Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara kwenye barabara ya Kabale, ambako malori husimama na mafundi huishi kwa kelele zao. Nilikuwa nimemwuliza jambo rahisi: gari letu tuliinue inchi mbili, tatu au nne? Mkononi nilikuwa na karatasi saba nilizozichapisha kutoka mtandaoni, zenye michoro, majedwali na picha za magari yakiruka vilima vya mchanga. Nilikuwa pia na shahada ya fizikia. Jibu sikuwa nalo.

"Fundi," nilisema, "mimi nauliza springi, wewe unaniuliza miguu."

"Njo ile ile. Resori iko ya nani? Ya barabara? Barabara haipandake mu gari."

Resori ndivyo alivyoziita springi. Nilisimama pale nikiwa na hakika kwamba ananifanyia mzaha kwa sababu mimi ni msichana mwenye karatasi. Hakika hiyo ilinikaa wiki nzima, na sehemu yake ndogo ninayo hadi leo.

Kila mtu alimwita Fundi. Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi, ina mafundi wa baiskeli, wa simu, wa redio, wa mabati, wa viatu, na kila mmoja lazima utaje anachotengeneza. Yeye alikuwa Fundi, basi. Mke wake naye alimwita hivyo: "Fundi, kuya kula." Mchungaji alimwita Fundi hata akimwombea. Sijui alizaliwa mlima gani wa Kivu ya Kusini wala nani alimfundisha kazi, na sikumwuliza. Kwetu maswali ya namna hiyo hayaulizwi, kwa kuwa kila mtu ana jibu linaloweza kuharibu chakula.

Nieleze gari lenyewe, maana bila gari nisingemjua. Chama chetu cha akina mama wakulima, Wakongomani na Warundi pamoja, kilikuwa kimenunua gari la dizeli la viti saba, kuukuu, lililowahi kutumiwa na ofisi moja ya misaada. Lilipeleka maharage Mbarara, na mgonjwa akipatikana, lilipeleka mgonjwa. Lilikuwa na nguvu kama fahali na tumbo la kukaribia chini. Katika mvua za mwezi wa tano lilikalia tuta la matope kama kuku anayelalia mayai, ndani yake mama mmoja akiwa na uchungu. Wanaume walisukuma mpaka wakachoka. Mama akajifungulia pembeni mwa barabara, amezungushiwa vitenge vya abiria wenzake. Mtoto alipona. Lakini dada yangu mkubwa, ninayemwita Yaya, alisikia habari ile akiwa na mimba ya miezi mitatu. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na mkunga alikuwa amemwambia waziwazi: huyu wa pili asithubutu kumzalia kambini, awahi hospitali kubwa mjini. Siku zake ziliangukia mwezi wa kumi na moja, mvua ikiwa imepamba moto. Yaya akaanza kukosa usingizi.

Kwa hiyo katika mkutano wa chama nilisimama nikasema gari liinuliwe. Kila mtu alikubali, kisha wakanikabidhi kazi hiyo, kama mtoto mwenye kelele anavyopewa ndoo akachote maji. Mama Mwenyekiti, Mrundi mzito wa mwili na wa maneno, alinipa agizo moja: "Inchi nne. Gari la kanisa la ng'ambo likipita, dereva wao anatutazama utosini. Nimechoka kutazamwa utosini."

Mimi pia nilitaka nne. Sababu zangu nilidhani ni za kisayansi.

*

Fundi hakupenda kujibu. Chuoni nilifundishwa kwamba mwenye kuuliza ndiye mwenye kutafuta, lakini yeye maswali aliyatumia kama komeo la mlango. Ukimwuliza bei, anakuuliza unalima nini. Ukimwuliza gari litakuwa tayari lini, anakuuliza kwani unakwenda kuzika? Mimi nilikuwa nauliza sana, na kila mara nilianza na "kwa nini", ambayo kwake ni "juu ya nini". Ikawa akiniona tu anapaza sauti gereji nzima isikie: "Mama Juu-ya-Nini amefika! Mufiche spana, atauliza juu ya nini iko ya chuma!"

Nilimchukia kwa jina hilo. Lilinifuata mpaka Nakivale, likaingia kanisani.

Kulikuwa na bwana mmoja wa mjini, mwenye gari jipya jeusi, aliyetaka liinuliwe inchi sita. Nilikuwepo, nimekaa kwenye tairi nikisubiri zamu yangu. Fundi alilizunguka gari lile mara moja, akifuta mikono.

"Unaendaka fasi gani na hii gari?"

"Ofisini. Na nyumbani. Hapa hapa town."

"Mu lami?"

"Eeh, lami."

"Basi nunua kofia, papa. Kofia itakufanya murefu, na haitakula tairi."

Yule bwana aliondoka kwa hasira. Akaenda kuinuliwa kwingine, na baada ya mwezi mmoja alirudi, tairi za mbele zimelika upande mmoja kama sabuni. Fundi alimtengenezea bila neno la lawama. Alipomkabidhi ufunguo ndipo alipomwuliza, kwa upole kabisa, kama kofia alishaipata.

Hilo ndilo lililonichosha kwake: hakuwa mkali. Mtu mkali unaweza kugombana naye. Yeye alikupeleka polepole mpaka kwenye upumbavu wako, akakuacha hapo, akaenda kunywa chai. Chai yake ilikuwa bila sukari, na karanga za kuchoma alizozimenya moja moja kwa vidole vyeusi vya oili, ambavyo havikuchafua hata karanga moja. Sijui aliwezaje. Nilipomwuliza, aliniuliza kama karanga inanidai.

Kuhusu vile vipande vya mpira mgumu vinavyowekwa juu ya springi kuukuu ili gari lionekane refu, alikuwa na maneno yake: "Ile ni kumuvalisha mutu mufupi viatu virefu. Anabakia mufupi, halafu anaanguka." Kuhusu barabara yetu: "Njia mubaya haipone kwa resori." Kuhusu karatasi zangu saba alisema hana macho ya karatasi, niziache tu pale mezani. Wiki iliyofuata alinisahihisha tarakimu moja ya ukurasa wa nne. Nilipozichukua nilikuta amezipigia mistari ya penseli, na pembeni ameandika maneno ya Kifaransa kwa herufi ndogo zilizosimama wima kama za mtoto wa shule ya masista. Nilizikunja nikaondoka nazo.

*

Kosa letu la kwanza lilikuwa la heshima. Deo, dereva wetu, alijua kwamba gari linapelekwa kwa fundi mkubwa, basi alilifanyia kama mtu anavyojifanyia akienda kwa daktari. Aliliosha. Alitoa magunia, akatoa tairi la akiba, jeki, madumu ya mafuta, hata viti vya nyuma alivifungua vikabaki nyumbani ili Fundi afanye kazi kwa nafasi. Tukafika Ruti na gari linalong'aa, jepesi, limesimama juu kama jogoo.

Fundi alilitazama kwa huzuni ya kweli.

"Hii gari imefunga saumu?"

"Ni safi, Papa Fundi," Deo akasema. "Tumeitoa kila kitu."

"Ninaona. Mumeniletea gari yenye njaa. Nitaipima namna gani? Mutu anapimwaka nguo akisha kula. Murudi. Mulete muzigo yake. Na bale batu banakaaka ndani, mubalete."

"Watu?" nilisema. "Fundi, kuna njia ya hesabu. Uzito wa mtu mmoja unaweza kukadiriwa, tukazidisha kwa..."

"Juu ya nini ukadirie, na beko bazima?"

Kutoka Ruti hadi kwetu si karibu. Njia nzima sikuzungumza na Deo, naye alikuwa akipiga mluzi ili kunionyesha kwamba hajaudhika.

Jumatatu iliyofuata tukarudi na akina mama saba wamebanana kama kawaida, magunia matatu ya maharage, na Mama Mwenyekiti kwenye kiti cha mbele, mkoba magotini kama anakwenda kutoa ushahidi. Fundi alitoa kamba yake ya katani yenye mafundo. Mita ya chuma alikuwa nayo, nzuri tu, ikining'inia ukutani. Aliitumia kupimia mbao. Alichuchumaa kwenye kila gurudumu, akashika kamba kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bati lililo juu yake, akahesabu mafundo bila sauti.

"Mama munene wa nyuma, sogea katikati."

"Nani mnene?" sauti ikauliza ndani.

"Resori inasema, si miye."

Gari zima likacheka, na likayumba kwa kicheko, naye akalisubiri litulie kabla ya kupima tena. Dereva wa lori aliyekuwa amesimama kando alinyoosha shingo: "Nyabo, hii iko gari ama iko harusi?"

"Harusi," Mama Mwenyekiti akajibu bila kugeuka. "Lakini wewe hukualikwa."

Kisha Fundi akawaambia wote washuke. Wakashuka. Akawaambia wapande tena. Wakapanda wakinung'unika. Akawaambia washuke tena. Mimi nilikuwa nimekazia macho kamba, nikiandika mafundo kwenye daftari: nyuma limelala vidole vinne, mbele kidogo tu ingawa injini ya dizeli ni nzito. Niliona fahari kwamba nilikuwa nimekisia hivyo. Sikuona kwamba mara ile ya pili na ya tatu hakushika kamba kabisa. Alikuwa ameketi kwenye ndoo, akitazama visigino vya wanawake.

"Sasa?" nilimwuliza. "Inchi ngapi?"

"Kile kiulizo changu, ulileta jibu?"

Nilifunga daftari kwa kishindo. Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha Jumamosi ile. Yaya alikuwa na miezi saba.

*

Jumatano ni siku ya kliniki ya wajawazito. Nilikwenda na matofali manane kwenye toroli la jirani na mita ya ushonaji shingoni, nikiwa na ghadhabu ya mtu anayetaka kumwonyesha mwingine kwamba swali lake ni la kijinga. Foleni ilikuwa imezunguka jengo. Nikapanga matofali karibu na ukuta, nikajieleza.

"Unatutengenezea nini, ngazi ya kwenda mbinguni?" mmoja akauliza.

"Nataka kujua mnaweza kukanyaga mpaka wapi. Ni kwa ajili ya gari."

"Gari lipi? Lile la kulalia mayai?"

Wakacheka, lakini wakaja. Matofali mawili, moja juu ya jingine, walipanda bila taabu, wakijivuna. Matatu, walitafuta mkono wa kushika, na nyuso zao zikabadilika. Wawili waliuma midomo. Mwanamke mwembamba kutoka upande wa Rubondo, tumbo lake likiwa limetangulia mbali, alisimama mbele ya matofali manne akayatazama.

"Dada," akaniambia, "kama ningeweza kupanda hii na hii tumbo, si ningeenda tu Mbarara kwa miguu?"

Yaya alikuwa kwenye foleni. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akashika bega langu, akanyanyua mguu kuelekea tofali la tatu. Mguu uliishia katikati. Alijaribu tena, nikasikia pumzi yake karibu na sikio langu, fupi, kama ya mtu aliyebeba maji mlimani. Halafu akashusha mguu, akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Usiandike hiyo."

Niliandika. Mkunga akatoka akatufukuza mimi na matofali yangu.

Hesabu yenyewe ilikuwa ya darasa la tano. Kizingiti cha mlango wa gari letu kilikuwa tayari matofali manne kutoka ardhini. Kumbe kila mjamzito aliyewahi kulipanda alisukumwa matako na Deo, na wote, Deo na akina mama, walikuwa wameona haya kulisema. Inchi mbili zingeongeza nusu tofali. Kwa ngazi moja ya kukunja, mwanamke angepanda kwa hatua mbili anazoziweza akishikwa mkono. Inchi nne zingeongeza tofali zima, na hatua zile mbili zingeangukia karibu na pale walipoanza kuuma midomo. Karatasi zangu saba zilijua pembe ya shafti, urefu wa mipira ya breki, uzito wa injini. Hakuna hata moja iliyokuwa na mwanamke.

Nilirudi Ruti peke yangu, kwa pikipiki na gari la abiria, vumbi mdomoni. Nikamwambia Fundi: matofali mawili peke yake, matatu kwa mkono. Nilingoja asifu, au hata acheke.

"Voilà," akasema. "Basi ni inchi mbili. Resori za kubeba muzigo wa katikati, si zile ngumu. Ngumu itamutikisa mama kama mahindi mu debe. Na ngazi nitaunganisha miye."

"Na nne ingekuwa na ubaya gani mwingine?" Sikuweza kujizuia.

Kwa mara ya kwanza alinijibu kama mtu anavyomjibu mtu. Alinishika mkono akanipeleka chini ya gari fulani, akanionyesha shafti za mbele zinavyolala, na mfuko wa mpira unaozifunika. Ukiinua sana, alisema, shafti zinasimama wima, mfuko unapasuka, matope yanaingia, na siku moja gurudumu linagoma mkiwa mbali. Breki nazo zinavutika. Na gari refu kwenye kona linalegea kama mlevi. Alieleza kwa dakika kumi, vizuri, bila swali hata moja. Nilibaki nikijiuliza kwa nini hakufanya hivyo siku ya kwanza.

"Utakuwa na springi lini?"

"Nitatafuta. Kuya siku ya ine."

Siku ya ine kwake ni Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Siku hizo sita zilikuwa za mvua tupu. Yaya alikuwa akikaa mlangoni akitazama barabara, na kila jioni aliniuliza kama Fundi amepata, na kila jioni nilimwambia anatafuta. Nilimpigia Fundi simu mara tatu. Alisema Mbarara ni kubwa.

*

Alikuwa na upande mwingine ambao akina mama hawapendi niuseme. Gari likishatengemaa, hakulitoa siku hiyo. Alimwambia mwenyewe bado kidogo, kisha jioni akakaa ndani yake peke yake, milango imefungwa, akalisikiliza. Aliyekuwa na safari aliikosa. Nilimshuhudia akimdanganya mwalimu mmoja usoni, bila kupepesa, kwamba boliti moja haijafika, na boliti ilikuwa mahali pake tangu asubuhi. Nilipomkabili alisema gari lilikuwa bado linazungumza.

Na yeye aliyetufukuza kwa gari lenye njaa, aliyewaambia madereva wote wa Ruti kwamba kuzidisha mzigo ni dhambi, kila Jumamosi alirudi Nakivale akining'inia nyuma ya pikapu iliyojaa watu, mbuzi na magodoro, springi zake zimelala kabisa. Nilimwona kwa macho yangu. Alinipungia mkono.

Kanisani aliimba sauti ya nne, nzito, na ikiwa kinanda kimepoteza tuni aliacha kuimba katikati ya ubeti akakaa. Mchungaji alizoea.

Gari liliporudi, chama kilikusanyika kulitazama. Lilikuwa limepanda, ndiyo, na nyuma halikulala tena. Ngazi ya kukunja ilikuwa imechomelewa vizuri, ina mpira juu usioteleza. Mama Mwenyekiti alilizunguka, mkono kiunoni.

"Tulikwenda wafupi, tumerudi wafupi."

"Mama, utapanda bila kusukumwa," nilisema.

"Mimi nilisukumwa lini?" akauliza, na Deo akatazama mawingu.

*

Siku ya Yaya ilifika asubuhi, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Alikanyaga ngazi, akanishika mkono, akapanda mwenyewe. Hatua mbili. Akaketi, akavuta kitenge chake, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nitaikumbuka ile. Gari lilipita penye tuta la mwezi wa tano bila kugusa, na Deo akaanza kuimba.

Kisha tukafika bondeni, ambako mafunjo ya ziwa hukaribia barabara. Maji yalikuwa yamekata njia. Deo alivua viatu akaingia na fimbo. Yakamfika juu ya magoti. Alirudi akitikisa kichwa.

"Yamezidi kwa vidole vichache tu," alisema. "Yanaingia kwenye injini."

Ndipo Yaya, jasho puani, akageuka kwangu.

"Ile inchi ine yako iko wapi leo?"

Tukarudi nyuma, tukazungukia upande wa Rugaaga. Njia ilikuwa ndefu, yenye mawe, na kila dakika kumi Yaya alikamata kiti cha mbele kwa mikono miwili akafumba macho. Springi zile za katikati zilimeza mawe kadiri zilivyoweza. Nilizihesabu dakika mpaka nikaona kuzihesabu kunaniongezea wazimu, nikaacha. Tulipofika hospitali, muuguzi alimtazama mara moja tu akaita kitanda cha magurudumu. Alasiri ile mtoto wa kiume alitolewa, akalia. Yaya alipozinduka aliuliza kama gari lilipata kuoshwa, nikajua atapona.

Watu walimsifu Fundi. Katika mkutano walimpigia makofi ingawa hakuwepo. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu swali lilikuwa limebaki na hakuna aliyetaka kulisikia: kwa inchi nne, je, tungepita majini na kufika mapema? Au Yaya angeanguka mlangoni kabla hatujaondoka? Majibu yote mawili yana ushahidi. Nimeshindwa kuyapatanisha.

*

Nilimkuta Fundi tena baada ya miaka miwili hivi, Jumatatu asubuhi, pembeni mwa barabara ya kutokea kambini. Alikuwa anangoja pikapu, amevaa koti la kanisani, bila mfuko wa vyombo. Deo akasimamisha gari. Fundi alikuja akipapasa hewa mbele yake, mkono ukatafuta mlango, mguu ukatafuta ngazi, ukaipata.

"Ni gari ya bamama," alisema, kabla mtu hajasema.

Alikuwa anakwenda kupimwa macho. Ukungu, alisema, jicho la kulia limefunga, la kushoto linaona mchana tu. Gereji ya Ruti alikuwa amemwachia mtu mwingine. Nilimwuliza anaishije bila kazi, naye akaniuliza kama nimeolewa, nikaona hajabadilika. Alikaa nyuma, kiganja kimelazwa sakafuni, na kwa kila shimo vidole vyake vilicheza kidogo.

"Ya nyuma, ya kushoto, imechoka," akamwambia Deo.

Tulipofika bondeni palikuwa pakavu, vumbi tupu. Nilimwambia Deo apunguze mwendo. Nikamgeukia Fundi, nikamweleza siku ile yote: maji, fimbo, Rugaaga, Yaya akikamata kiti. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha nikamwuliza lile nililolibeba miaka miwili. Kwa inchi nne, tungepita?

Nilijiandaa kwa swali lake. Hakuuliza kitu. Alifikiri mpaka tukapanda kilima cha pili.

"Labda," akasema. "Labda mungepita."

Basi, hilo tu. Mtu ambaye nilimpigania na kumpiga vita, ambaye akina mama walimfanya nabii, aliniambia labda, akageuza uso wake kwenye dirisha ambalo hakuweza kuona nje yake. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Afadhali angenidanganya. Tulimshusha mbele ya hospitali. Akakataa mkono wangu, akashuka kwa hatua mbili, akaenda zake akigusa ukuta.

Tangu hapo sijamwona. Nasikia alipasuliwa jicho moja, na kwamba linaona.

Mwaka huu ile springi ya nyuma ya kushoto ilikatika, nikaenda Mbarara kununua nyingine. Duka nililoelekezwa ni la mama mmoja Mnyankore, lililojificha nyuma ya kituo cha mafuta. Aliigeuza springi yetu iliyokatika, akasoma alama zake, akasema anazijua. Alipata kuagiza seti moja tu ya inchi mbili, na mzee mmoja wa Congo alichukua zote. "Alisema iko ya gari ya wamama wa Nakivale," akaniambia. "Alikuwa ameiona kwa njia, imelala nyuma." Nilimwuliza ilikuwa lini. Akafungua daftari la mauzo, akalamba kidole, akageuza kurasa za nyuma mpaka akapata. Fundi alizichukua springi zile mwezi wa nane wa mwaka ule. Mimi niliingia gerejini kwake mara ya kwanza katikati ya mwezi wa tisa.